Tuzo za watu wa mlimani: msihesabu waliofika Uhuru

Swali limetoka kwa msomaji wa Majengo, Moshi. Anaandika hivi: "Shikamoo mama. Mimi ni katibu wa kikundi chetu cha waongoza watalii na wapagazi wa Kilimanjaro. Tumechoka kuona tuzo za utalii zinaenda kwa makampuni makubwa na mahoteli tu, tunataka mwakani tufanye usiku wetu wa tuzo tuwaheshimu wanaopiga kazi vizuri. Wenzangu wengine wanataka watu wapige kura kwa meseji, mwingine kasema tuangalie nani kafikisha wageni wengi kileleni Uhuru. Mimi naona italeta ugomvi. Tufanyeje? Na mgeni rasmi awe nani?"

Marahaba mwanangu, na hongera kwa kuliwaza hilo jambo. Mimi nimekaa meza ya majaji wa tuzo za namna hii Arusha na hapa kwetu Moshi, na kazi yangu ni kufundisha waongozaji na kukagua makampuni yanavyoishi na watu wao, kwa hiyo nitakujibu kirefu na kuna sehemu wenzako hawatapenda, utawasomea tu.

Naanza na huyo wa kuhesabu waliofika Uhuru maana hilo ndo linanitisha kuliko hata kura. Msifanye kabisa. Kwanza hiyo namba haimpimi muongozaji, inapima ratiba aliyouziwa mgeni. Mtu akipandishwa njia ya Marangu kwa siku 5 analala kambi ya Mandara mita 2,720, kesho Horombo 3,720, keshokutwa Kibo 4,720, yaani kila siku mita elfu nzima juu ya ile ya jana, halafu usiku huohuo anaamshwa aanze kuelekea Gilman's, ukingoni mwa kreta. Mwenzake wa njia ya Lemosho siku 8 anapitishwa Lava Tower kwenye mita 4,600 na kitu, anakula lanchi huko kichwa kinamgonga, jioni anashushwa kulala Barranco chini ya 4,000, mwili unapata nafasi ya kuzoea. Sasa ukilinganisha waongozaji hawa wawili kwa idadi ya waliofika unakuwa umempa zawadi mtu wa mauzo aliyekaa ofisini, wala si yule aliyekuwa juu na mgeni. Na mara nyingi kijana anayefanyia kampuni ya bei ya chini, anayepewa safari fupi fupi na vifaa vya kuunga unga, ndo mwenye macho makali zaidi kwa sababu hana njia nyingine.

La pili ni baya zaidi. Ukishatangaza kwamba zawadi iko Uhuru, umemwambia muongozaji amvute mgeni. Kutoka kambi ya Barafu, mita 4,673, hadi kileleni 5,895 ni kupanda zaidi ya mita 1,200 usiku mmoja, baridi kali, na hewa ya oksijeni ukifika juu ni kama nusu ya ile ya pwani. Mgeni kalipa hela nyingi, kaaga kazini, kawaambia ndugu zake wote anapanda Kilimanjaro, hatasema anaumwa. Atasema niko poa. Anayetakiwa kusema hapana ni muongozaji, na akisema hapana anajua tipu itapungua na pengine ataandikiwa maneno mabaya mtandaoni, na bosi atamuuliza ilikuwaje. Juu ya mzigo wote huo nyie mje mumuongezee na tuzo? Mgeni ameanza kuyumba kama mlevi, anajibu vitu ambavyo hujamuuliza, au amekaa kimya amepumzika na bado anahema na kukohoa, hapo ni ubongo au mapafu yanaingia maji na dawa ya kwanza ni kushuka, saa hiyohiyo, hata kama ni saa 8 usiku na Stella Point pale ukingoni mwa kreta mnaiona kwa macho. Aliyemgeuza mgeni wa namna hiyo na kumfikisha chini anaongea, huyo mimi ndo ningempa tuzo kubwa ya usiku wenu.

Utaniuliza tutamjuaje, maana hakuna cheti cha kugeuza mgeni. Mtamjua kwa makaratasi. Kampuni inayojielewa ina fomu ya afya ya kila jioni, mnapima oksijeni na mapigo ya moyo kwa kile kimashine cha kidole, mnauliza kichwa, kichefuchefu, usingizi, hamu ya kula, mnaandika. Waambieni wanaopendekezwa walete fomu za safari zao za msimu, majina ya wageni yafichwe. Ukisoma fomu tano sita za mtu mmoja unamjua. Kuna ambaye kila mgeni kila jioni ana asilimia 90 na "hana tatizo", mkono mmoja, kalamu moja, yaani kajaza zote siku ya mwisho akiwa kwenye gari. Na kuna ambaye kaandika siku ya 4 fulani amekataa chakula, nimemrudia saa 3 usiku, asubuhi nimeongea na ofisi tusimpeleke juu. Huyo wa pili hahitaji kupigiwa kampeni.

Kura ya meseji sasa. Nitaisema haraka maana unajua mwenyewe, atashinda mwenye marafiki wengi na bando, na wale mnaotaka kuwaheshimu siku ya kupiga kura wako Karanga camp mtandao unashika ukisimama juu ya jiwe. Kama wenzako wanaipenda sana wapeni kundi moja la burudani, labda mpishi anayependwa, basi, na mtangaze wazi kwamba hilo ni la mashabiki.

Nimeelewa kwa nini mmechoka na tuzo zilizopo, lakini tuwe wakweli, tuzo nyingi kubwa tunazozishangilia zinaheshimu mahali. Februari 2013 hapo Arusha yalitangazwa maajabu saba ya asili ya Afrika na Tanzania ikatoka na matatu, Kilimanjaro, kreta ya Ngorongoro na uhamaji wa nyumbu Serengeti. Kuanzia 2019 Serengeti imekuwa ikitajwa hifadhi bora ya Afrika kwenye World Travel Awards, mwaka baada ya mwaka. Ni vizuri, zinaleta wageni, na mwaka 2024 nchi ilipokea wageni wa nje zaidi ya milioni 2. Ila mlima haujui kama umeshinda, na nyumbu ndo kabisa. Aliyebeba hema hadi huko juu hakutajwa popote. Halafu kuna tuzo za wasafiri kama zile za Tripadvisor, zinatokana na maoni ya wageni wenyewe, hizo zina maana kidogo kwenu kwa sababu wageni wanataja watu kwa majina, mnaweza kuzitumia kama ushahidi mmoja kati ya ushahidi mwingi. Ila kumbukeni mgeni anaandika alichokiona, na mgeni akishaingia hema lake saa 2 usiku hajui wagumu, yaani wapagazi, wamelala wapi na wamekula nini.

Tena sisi tuna historia yetu ya kuchelewa. Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walifika kileleni Oktoba 1889 na majina yao yakaenda vitabuni moja kwa moja. Mzee Yohani Kinyala Lauwo wa Marangu, anayetajwa kuwa ndiye kijana aliyewaongoza, alikuja kupewa heshima yake rasmi kwenye maadhimisho ya miaka 100, mwaka 1989, akajengewa na nyumba. Miaka 100 bwana! Bahati alikuwa bado hai, kafariki 1996. Wabebaji wa safari ile wengi wao hata ukiuliza leo Marangu utapata mabishano. Kwa hiyo mnavyotaka kuwaheshimu na wapagazi mimi nawaunga mkono mia kwa mia, na ningeomba kundi la mgumu bora lisiwekwe mwanzoni wakati watu bado wanatafuta viti, liwekwe mwishoni ukumbi umejaa.

Sasa njia. Hapa ndo pa kutumia nguvu zenu zote na hela kidogo mtakayoipata.

Anayejua muongozaji ni mzuri au mbaya ni mgumu wake. Anayejua kampuni ni nzuri au mbaya ni mgumu. Kwa hiyo majaji wenu wa kwanza wawe wagumu, lakini si kwa kuwaita ofisini kwa bosi waulizwe unaridhika, maana jibu mnalijua. Mna bahati moja watu wa hapa, safari karibu zote zinatokea kwenye mageti mawili. Machame, Lemosho, Umbwe wote wanashukia Mweka, Marangu na Rongai wanashukia Marangu. Mkiweka vijana wawili wawili kila geti, siku za kuchagua chagua kwenye msimu wa Julai mpaka Oktoba na tena Januari Februari, mtaongea na watu wa makampuni mengi kuliko utafiti wowote wa ofisini. Mkae mbali kidogo na pale wanapogawa tipu, ng'ambo ya barabara kwenye kibanda cha chai, mtu akimaliza mambo yake anakuja. Hakuna kuandika jina lake. Anaandikwa tu tarehe, njia, kampuni na aliyekuwa kiongozi wa msafara.

Maswali yasizidi matano na yawe ya vitu alivyoviona kwa macho yake. Ulikula mara ngapi kwa siku, na ilikuwa nini? Ulilala hema la nani, mlikuwa wangapi humo? Mzigo wako ulipimwa getini tu au na kambini pia? Hili ni la muhimu, ukomo unajulikana ni kilo 20 na mizani ipo, ila kuna ujanja wa kupima vizuri getini halafu mbele kidogo mpagazi mmoja anarudishwa na mzigo wake wanagawana waliobaki, anayejua hilo ni aliyebebeshwa. Tipu ilisomwa mbele ya watu wote au mkuu aliipokea kwenye bahasha akaja na namba yake? Na mwisho, kuna mtu aliumwa kati yenu, alifanyiwa nini? Hilo la mwisho ndo nalipenda kuliko yote. Muongozaji anayempima oksijeni mgeni kila jioni halafu mgumu akilalamika kifua anaambiwa ajikaze, huyo hafai tuzo hata kama anaongea Kijerumani kama kazaliwa Berlin.

Swali la mshahara msiliulize getini kwa sababu wengi hawajalipwa bado. Chukueni namba ya simu kwa anayekubali, mpigieni baada ya wiki moja. Mkiona kampuni moja watu wanne tofauti wanakwambia bado, hiyo kampuni na waongozaji wake wakuu wametoka kwenye orodha, hamna haja ya kikao.

Msianze kutoka sifuri pia. Hapahapa Moshi kuna mradi wa kusaidia wapagazi, KPAP, ambao toka 2003 unafuatilia hali za wapagazi na kuwaazimisha nguo za baridi, wanajua makampuni gani yanafuata miongozo na wana uzoefu wa kuhoji watu bila kuwaponza. Nendeni mkawaombe ushauri, wawaambie makosa gani ya maswali ya kuepuka. Na chama cha wapagazi na cha waongozaji muwashirikishe mapema, wasije wakasikia redioni.

Kwa upande wa kampuni wekeni mlango wa kuingilia, yaani vitu ambavyo bila hivyo jina halipokelewi: leseni hai ya utalii, mikataba ya maandishi hata ya muda mfupi, michango ya NSSF kwa waajiriwa wa kudumu, usajili wa WCF, ule mfuko wa fidia kwa wafanyakazi, ili mtu akivunjika mguu kuwe na pa kukimbilia. Wengine watakwambia haya ni mambo ya ofisi na sherehe ni sherehe. Sawa, lakini ukimpa kombe bosi asiyelipa michango ya watu, wale watu wako ukumbini wanakuangalia.

Majaji wa mwisho wawe wachache, watano wanatosha, na angalau wawili wasiwe wa Moshi. Hapa kwetu kila mtu ni Mushi, Massawe, Temba au Lyimo na kila Mushi ana binamu mwenye kampuni. Kabla ya kusoma jina lolote kila jaji aseme nani ni ndugu yake, nani anamdai, nani alishamfanyia kazi, na jina la mtu huyo likifika jaji atoke nje akanywe chai. Alama ziandikwe kila mtu kivyake kabla ya kuongea, maana mkianza na maongezi atashinda mwenye sauti. Muweke na mwalimu mmoja kutoka chuo cha wanyamapori cha Mweka au chuo cha VETA cha hoteli na utalii pale Njiro, na daktari au nesi aliyewahi kupokea watu wanaoshushwa toka juu.

Mkitaka kuwaalika na madereva waongozaji wa Arusha, fresh tu, ila wapimeni kwa vitu vyao. Dereva wa safari asipewe tuzo kwa kuonyesha wanyama wengi, ni ugonjwa uleule wa Uhuru. Duma mmoja amekaa kwenye kichuguu na magari ishirini yamemzunguka, kila dereva anasikiliza redio ya mawasiliano ya gari asipitwe. Nani alizima injini akakaa mbali? Nani hakutoka nje ya barabara Serengeti mgeni alipomshikia dola? Nani anafuata spidi 50 hata akichelewa geti? Ulizeni askari wa hifadhi, faini zinaandikwa na wao wanamjua msumbufu kwa namba ya gari.

Utalii wa vijijini nao msiusahau, Materuni kwenye kahawa na maporomoko, Marangu kwenye yale mahandaki ya Wachagga, Ng'iresi kwa upande wa Arusha. Huko swali ni moja tu, hela ya mgeni inaishia kwa nani. Ombeni daftari la mgao. Likiwepo na linasomeka mmepata mshindi, lisipokuwepo msibishane.

Kuhusu akina mama, nimeona kwenye barua yako mna wazo la "mwanamke bora wa mlima", nimelikata hapo juu maana nilitaka nilijibu peke yake. Mi silipendi. Wapo wanawake wanabeba, wanapika, wanaongoza, waingizeni kwenye makundi yaleyale na kila mtu, watashinda. Badala yake ongezeni swali getini kwa kila kampuni yenye wanawake: walikuwa na hema lao na choo chao? Hapo mtakuwa mmefanya kitu kuliko kutoa ua.

Wadhamini. Mtawahitaji, ukumbi si bure na chakula si bure. Kanuni ni kwamba mdhamini hashindanii kundi analodhamini, na hili liandikwe kwenye barua ya kuomba udhamini kabisa, atakayekataa mmemjua. Msiuze meza kwa waliopendekezwa kana kwamba bila kununua meza hushindi. Si unazijua zile email, "hongera kampuni yako imechaguliwa kuwa bora Afrika Mashariki, tafadhali lipia ada ya kombe na tiketi ya hafla", hata hawajui kampuni iko wapi. Watu wa hapa wameshazipokea nyingi, wakinusa tu harufu hiyo kwenu basi mmekwisha mwaka wa kwanza.

Zawadi, kombe la plastiki la rangi ya dhahabu linakaa juu ya friji. Mpeni mgumu ada ya kozi ya kuwa muongozaji, au viatu vya maana na slipingi begi ya kufaa baridi ya Barafu. Mpeni muongozaji kozi ya huduma ya kwanza ya maporini, au miezi kadhaa ya masomo ya Kifaransa. Mpishi mpeni jiko zuri la gesi. Makundi yasizidi saba, zaidi ya hapo watu wanaanza kuondoka saa 5 usiku na mnabaki na MC.

Tarehe iwe Aprili au mwanzoni mwa Mei, masika yamekolea, safari chache, watu wako nyumbani. Nimesikia mtu anashauri mfanye wiki ya maonyesho ya utalii ya Karibu-Kilifair mwezi Juni sababu wageni wa biashara wamejaa, ni kweli wamejaa, ila Juni watu wenu wameanza kupanda na mtajikuta mnawaheshimu wasiokuwepo. Kibali cha shughuli mkaulize manispaa mapema, msisubiri wiki ya mwisho.

Mgeni rasmi. Mkimuita mkubwa wa serikali mkaribisheni, atie neno, apigwe picha, ni heshima na inafungua milango, lakini hotuba iwe dakika 10 na muwaambie wasaidizi wake mapema kwa adabu. Tuzo zenyewe zikabidhiwe na wazee, wapagazi na wapishi waliostaafu, wako tele Kiboriloni, Rau, Marangu, goti limekufa lakini kumbukumbu iko palepale. Mzee akisoma jina la kijana ukumbi utakaa kimya wenyewe, hamhitaji kuomba watu watulie.

Na kama mnafanya mwakani, karatasi ya maswali ya getini inatakiwa iwe tayari kabla Julai haijaanza, mkikosa msimu huu hamna cha kuhukumia Aprili. Niandikieni rasimu niipitie, maswali matano tu, Kiswahili cha kawaida, yasomeke kwenye ukurasa mmoja mtu akiwa amechoka na miguu inauma.